MBWA ALIYEWEKWA AMANA

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wafugaji wa mbwa na wahudumu wa mifugo, uliofanyika mjini Dar es Salaam.



Nilipoombwa niseme machache juu ya mbwa wanaoachwa katika zahanati za mifugo wakati wenyewe wamesafiri, nilitaka kukataa. Neno la kusema ninalo, tena limenikaa rohoni tangu mwaka juzi. Nilichelea tu kwamba baadhi yenu mngeniuliza, na mngekuwa na haki kuniuliza: katika mji ambamo watu wanapanga foleni ya maji na foleni ya dawa, mtu mzima anasimamaje mbele ya wenzake kulalamika juu ya mbwa? Swali hilo nitalijibu, lakini si sasa. Kwanza nieleze yaliyotokea.

Ninaye mbwa dume wa kienyeji, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 6, na jina lake ni Tutaona. Ninyi mliokulia bara mnaijua desturi ya kumpa mbwa jina ambalo kwa hakika ni ujumbe kwa majirani. Jina hili alilitoa marehemu mama yangu, na ujumbe wenyewe ulikuwa unamwendea nani ni habari nyingine.

Kwa kawaida nikisafiri Tutaona hubaki nyumbani. Jirani yangu ni mzee Mwislamu mcha Mungu, ambaye kwa mafundisho aliyolelewa nayo mate ya mbwa humlazimu kujitahirisha. Hata hivyo humtilia mbwa wangu maji kwa kata yenye mpini mrefu, na sahani ya chakula humsogezea kwa fimbo. Siku moja nilipomshukuru alinisimulia ile habari mashuhuri ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha, naye Mungu akamsamehe dhambi zake. Sijapata kumsikia mzee yule akisema kwamba anampenda mbwa wangu. Lakini kwa miaka 4 hajapata kumwacha na kiu hata siku moja.

Basi mwezi wa Februari mwaka juzi nililetewa habari usiku kwamba baba yangu mkubwa amefariki Songea. Jirani yangu siku hizo alikuwa Tanga kwa binti yake. Alfajiri nilimchukua Tutaona hadi zahanati moja ya mifugo, ambayo sitaitaja, na ninaomba mtu yeyote asinifuate nje kuniuliza. Mhudumu alimpima uzito: kilo 26. Akaandika katika kadi. Tukapatana Sh. 15,000 kwa siku, chakula kikiwa ndani yake. Nikaandika namba yangu ya simu katika daftari, nikampa kijana kamba mkononi, nikakimbilia basi. Sikuomba kuonyeshwa mahali atakapolala. Wala sikuulizwa habari ya chanjo zake, ambazo kwa kweli zilikuwa zimepitwa na wakati kwa miezi 2. Mambo hayo mawili yawekeni akilini, maana ni ya kwangu kabla hayajawa ya mtu mwingine.

Nilirudi siku ya 9. Nilipoletewa mbwa wangu mlangoni, nilidhani kijana amekosea amemtoa mbwa wa mtu mwingine. Mbavu zilihesabika. Shingoni, chini ya ukanda, palikuwa na kidonda kibichi kilichozunguka kama alama ya kamba. Kucha mbili za mguu wa mbele zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama. Aliponiona alifungua kinywa kubweka na sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyelia msibani siku nyingi, nami nilikuwa nimetoka kuzisikia sauti za namna hiyo. Jioni ile ile nilimpeleka kwa daktari mwingine akampima. Kilo 22. Kwa binadamu ni sawa na mtu wa kilo 65 kupungukiwa kilo 10 katika siku 9. Daktari aliivuta ngozi ya mgongo kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ya mbwa mwenye maji ya kutosha mwilini hurudi mahali pake mara moja. Ile ilibaki imesimama kama hema.

Nilikuwa nimekwisha lipa. Stakabadhi ilionyesha siku 9 kwa Sh. 135,000, na chini yake mstari mmoja zaidi: "sindano, 10,000". Sindano ya nini haikuandikwa.

Nilirudi pale kesho yake. Daktari mwenyewe alinipokea kwa heshima na kuniambia kwamba mbwa wangu alikataa kula. Nikamwuliza kwa nini basi hawakunipigia simu. Akanijibu, "Tulijua uko msibani, mzee. Hatukutaka kukusumbua."

Ndugu zangu, jibu lile lilinifunga mdomo. Sisi sote tumelelewa hivyo: aliye msibani hasumbuliwi kwa mambo madogo. Nililitafakari njia nzima kurudi nyumbani, na mpaka leo naamini daktari yule hakunidanganya. Lakini hapo hapo ndipo kosa lilipo. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuamua peke yake kwamba hasara inayotokea ni jambo dogo. Mwenye mali ndiye ajuaye ukubwa wake. Ukiachiwa ng'ombe na mwenzio, ng'ombe akaacha kula siku ya pili, humngojei mwenzio arudi ndipo umwambie. Laiti ningeambiwa siku ya 3, ningeweza kumtuma ndugu yangu wa Temeke apite hata na shati langu kuukuu.

Sitanii niposema shati. Mbwa aliyetengwa na nyumba yake aghalabu hukataa chakula siku ya kwanza, hata ya pili. Hilo ni jambo la kawaida na halimtishi mwenye uzoefu. Kinachomrudishia hamu ya kula ni chakula alichozoea, saa aliyozoea, na nguo yenye harufu ya watu wake. Mimi nilimzoeza Tutaona ugali na dagaa, na hula jioni tu. Pale alitiliwa chakula cha kopo asubuhi. Nani aliwaambia habari ya dagaa? Hakuna, kwa sababu mimi sikusema na wao hawakuuliza. Kwa hiyo kukataa kula peke yake sikulaumu. Ninalolaumu ni kwamba kulikuwa na mizani mezani pale, na kwa siku 9 hakuna aliyempandisha tena mbwa juu yake.

Tena chakula si jambo la kwanza. La kwanza ni maji. Mbwa mwenye afya huhitaji kiasi cha mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani huyu wangu kama lita moja na nusu, na zaidi ya hapo wakati wa joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho katika nyayo, na joto hulitoa kwa kuhema. Kila anapohema hupoteza maji. Sasa mfungieni mbwa katika chumba chenye paa la bati, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, dirisha moja, na maji katika kopo jepesi analoweza kulipindua kwa pua. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, na mbwa wenye pua fupi hufika huko upesi kuliko wengine.

Habari za kopo na za chumba sikuzipata kwa daktari. Nilizipata kwa yule kijana aliyeishika kamba. Alinifuata hadi kituo cha daladala, akatazama nyuma kwanza, ndipo akaniambia kwamba bomba lilikuwa limekatika siku 4 mfululizo. Kwamba maji ya dumu aliyanunua kwa fedha yake mwenyewe, mara mbili, na hakurudishiwa. Kwamba usiku hakuna mtu anayelala pale, milango hufungwa saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Na kwamba Jumapili haji kazini mtu yeyote isipokuwa yeye, akipata nauli. Aliajiriwa kufagia. Hakuna aliyemfundisha kumshika mbwa wala kumtazama kama anaumwa. Kidonda cha shingo alikiona, akaogopa kusema, kwa sababu kabla yake mwenzake aliyesema jambo aliambiwa atafute kazi kwingine.

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mtu. Nakiri kwamba yule kijana ndiye aliyekuwa karibu, na ni rahisi sana kumkasirikia aliye karibu na mwenye mshahara mdogo. Badala yake nilijikuta naona haya, kwa kuwa katika siku zile 9 ni yeye peke yake aliyetoa cha kwake kwa ajili ya mnyama wangu.

Sasa nilijibu lile swali la mwanzo. Kwa nini tushughulike na mbwa? Ninazo sababu, na moja wapo ina uzito hata kwa mtu asiyependa mbwa kabisa.

Zahanati ya mifugo ni mahali wanapoletwa wanyama wagonjwa. Ukimlaza mbwa mzima chumba kimoja na wagonjwa, humwachi hifadhini, unamweka hatarini. Chukueni ugonjwa wa pavo, ambao haukujulikana kabla ya miaka ya 1970 ya mwishoni: mwaka 1978 ulianza kuonekana kwa mbwa, na katika muda wa miaka miwili hivi ulikwisha enea duniani. Huharisha damu na kuua watoto wa mbwa kwa wingi. Virusi vyake hukaa sakafuni na katika vyombo kwa miezi, na sabuni ya kawaida haiviui. Hutakiwa maji ya klorini. Dalili hutokea siku chache baada ya kuambukizwa, mara nyingi kati ya siku 3 na 7, maana yake mbwa anaweza kutoka zahanati akichezesha mkia, akaja kuanguka nyumbani, na zahanati isijue kamwe kwamba ndiko alikoupatia. Kadhalika kikohozi cha mabandani, ambacho hupita kwa hewa kutoka kizimba hadi kizimba. Nami nilimpeleka mbwa mwenye chanjo zilizopitwa, akapokewa.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Mbwa aliyemwuma mtu hutakiwa atazamwe kwa siku 10 ili ijulikane kama ana ugonjwa huo, na aghalabu hutazamwa wapi? Katika zahanati hizi hizi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba hadi watu 99 katika kila 100 wanaoupata wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, mtu haponi isipokuwa kwa nadra ya ajabu. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa imejulikana tangu Louis Pasteur alipomdunga mtoto Joseph Meister mjini Paris mwezi Julai 1885, na kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 ni msaada usiohitaji daktari. Sasa fikirini kijana wa kufagia, asiyechanjwa, asiyefundishwa, peke yake siku ya Jumapili, anaingiza mkono katika vizimba viwili vinavyopakana: kimoja cha mbwa wangu, kingine cha mbwa anayetazamwa. Mtu akiniambia tena kwamba malezi ya mbwa ni mambo ya anasa, nitamwuliza anamjua kijana yule ni mwana wa nani.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ambayo imeufanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa. Ipo Sheria ya Veterinari, Namba 16 ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari, ambalo husajili madaktari wa mifugo na kuangalia mwenendo wao kazini. Mtu mwenye lalamiko la kweli ana pa kulipeleka, na asipeleke uvumi. Apeleke kadi ya uzito, stakabadhi, tarehe, na maandishi ya daktari wa pili aliyemtazama mnyama siku ile ile. Mimi ninavyo vyote. Marafiki zangu walinishauri nipige picha ya kidonda nikaisambaze katika simu za watu pamoja na jina la zahanati. Sikufanya hivyo. Picha ingesafiri, kijana angefukuzwa kesho yake, na chumba cha bati kingebaki pale pale.

Kwingineko wamelitazama jambo hili kwa makini zaidi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1963 iliyohusu hasa nyumba za kulaza mbwa na paka: lazima leseni ya halmashauri, malazi ya kufaa, chakula na maji, kinga ya maradhi ya kuambukiza, tahadhari ya moto, na daftari la tarehe ya kuingia na kutoka kwa kila mnyama. Katika England imekwisha badilishwa na kanuni mpya za mwaka 2018, ila misingi ni ile ile. Miaka 2 baada ya sheria ile ya 1963, kamati ya Profesa Brambell, iliyochunguza hali ya mifugo ya kule, iliandika kwamba mnyama anastahili angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Kipimo hicho hakihitaji fedha za kigeni. Nilipofanikiwa kukiona kizimba alicholala Tutaona, nilichukua utepe wa fundi cherehani nikakipima. Angeweza kusimama. Kugeuka asingeweza bila kuukunja mgongo, na ukanda ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye nondo.

Nilikionaje? Nilimwandikia daktari barua. Wiki mbili alikaa kimya. Kisha akanipigia simu kwa hasira: "Mbwa wako yuko hai. Unataka nini zaidi?" Nikamwambia nataka mambo mawili, anionyeshe alipolala, na aniambie sindano ilikuwa ya nini. Siku ya tatu aliniita. Sindano ilikuwa dawa ya kutuliza, kwa sababu majirani wa zahanati walilalamikia kelele za usiku. Alinieleza pia gharama zake: kodi ya nyumba, umeme, bei ya chanjo zinazohitaji jokofu wakati wote. Alisema kulaza mbwa si kazi aliyoisomea. Wateja ndio wanaomsihi, naye anaona vibaya kuwakatalia. Nilimwamini. Nilimwambia pia kwamba daktari mwema asiyeweza kusema "nafasi sina" anaweza kumdhuru mnyama kuliko daktari mbaya. Hakulifurahia neno hilo, lakini tuliagana kwa kupeana mikono, na Sh. 10,000 za sindano alinirudishia, ingawa sikuziomba.

Mnyororo ameuondoa. Sijui kama amemweka mlinzi wa usiku.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na karatasi. Ni ukurasa mmoja, nimeuandika kwa msaada wa daktari aliyemtibu Tutaona. Upande wa mwenye mbwa unauliza: chanjo ni za lini, anakula nini na saa ngapi, anaogopa nini, amewahi kuuma, nani apigiwe simu mwenye mbwa asipopatikana. Upande wa zahanati unauliza: atalala chumba gani, mbali kiasi gani na wagonjwa, nani atakuwapo usiku na Jumapili, maji yatatoka wapi bomba likikatika. Chini yake kuna jedwali la siku, lenye nafasi ya uzito kila siku ya tatu, amekula au hakula, amekunywa au hakunywa, na saini ya aliyemtazama. Kuna mstari unaosema kwamba hakuna sindano itakayotolewa bila mwenyewe kuambiwa, isipokuwa ya kuokoa maisha, na kila dawa itaandikwa kwa jina lake. Na kuna mstari mwingine, ambao niliuongeza mwenyewe, usemao kwamba mwenye mbwa apigiwe simu hata kama yuko msibani.

Baadhi ya madaktari walioiona wameniambia kwamba karatasi hii itaongeza kazi. Ni kweli itaongeza, na malipo ya siku huenda yakapanda. Mimi niko tayari kulipa zaidi, mradi katika nyongeza hiyo awemo kijana wa kufagia, apate chanjo yake, mafunzo yake na Jumapili yake. Lakini najua si kila mfugaji aliyemo humu ana uwezo huo, na sioni jibu jepesi kwa yule asiye nao. Labda jibu lake ni jirani mwenye kata ndefu. Hilo tulijadili.

Tutaona amepona. Uzito umerudi, sauti pia, ingawa imekuwa nzito kidogo. Jambo moja halijarudi: nikitoa begi la safari chini ya kitanda, huinuka anapolala, huenda uani nyuma ya pipa la maji na kukaa huko hadi nitakapolirudisha begi mahali pake. Mwezi ujao nina safari ya Songea ya kumaliza arobaini ya shangazi, nami sijaamua atabaki na nani.

Karatasi ziko mezani pale, na kalamu zipo. Daktari aliyeketi mstari wa pili amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja jedwali la uzito. Naomba apewe nafasi sasa aseme, nami nampisha.